Ulikata Nini?

Asubuhi ile ya mwezi wa Sawan, kando ya mto Gandak,
wageni walipanda juu ya dari yetu na darubini tatu.
Walimlipa babu rupia mia mbili
na kumwachia chupa tupu za maji.
Mawingu yakawanyima.
Jua lilipatwa ndani ya pazia, kama mwari,
na wao, waliosafiri siku mbili kwa treni,
waliona walichoona kuku: giza, kisha si giza.

Chini yao, katika chumba cha mpunga,
mama alikuwa amelazwa chali, miguu imenyooka,
tumbo limepakwa udongo mwekundu.
Mimi nilikuwa humo. Mwezi wa nne.

Bibi alikuwa amekusanya kila chenye makali:
mkasi, sindano ya magunia, wembe wa baba,
hata penseli ya ami, kwa kuwa imechongwa.
Akatia jani la mrehani kwenye mtungi, kwenye maziwa, kwenye dengu.
"Usikunje goti. Usikate. Usishone. Usilale.
Rahu ni kichwa kisicho na kiwiliwili;
akiona kitu kizima hukionea wivu."

Alisahau mundu wa jikoni.
Na alimsahau Sugiya, dada yangu, miaka mitatu,
na njaa ya tangu jana,
akilia mlangoni na pera kubwa kuliko mdomo wake.

Mama alilikata.
Mara moja tu, anasema. Hata halikutoa sauti.

Nikazaliwa na mdomo uliopasuka hadi puani.
Hakuna aliyeuliza kwa nini;
kijiji kizima kilikuwa na jibu.
Wakaniita Grahaniya, aliyepatwa.
Maziwa yalinitokea puani.
Herufi zinazotaka midomo miwili ikutane
zilinipita kama basi lililojaa.
Nilifika miaka mitano sijasema mama.
Nilisema "nana", naye akaitika.
Bibi hakumpiga wala kumtukana.
Alimpisha tu, kila mahali, kama mtu anavyopisha jeneza.

Kisha ikaja kambi ya madaktari, Patna:
watoto thelathini na mmoja kwenye ukumbi wa shule,
kila mmoja na ufa wake, kushoto, kulia, pande mbili.
Mama hakuwahi kujua kwamba tuko wengi.
Alinibeba mkeka hadi mkeka, akiuliza chini chini
kama anayeuliza bei:
"Ulikata nini?"

Mmoja alisema, uzi.
Mmoja alisema hakukata kitu ila alisinzia.
Mke wa mfinyanzi kutoka Ara akamkazia macho:
"Mwaka gani huo? Mwaka wangu jua halikupatwa."
Na Rukhsara, mvunaji wa vibarua, akacheka hadi akajishika ubavu:
"Nilikata mpunga, dada, alfajiri hadi magharibi.
Nikuhesabie mabua?"

Mama akakaa pale pale, katikati ya njia.
Wauguzi wakamruka na ndoo zao.
Hakulia.
Alikuwa anapiga hesabu: miaka mitano, mara siku zake zote.

Jana jioni lilipatwa tena, kidogo, upande mmoja.
Sugiya ana mimba ya miezi saba.
Mama akapita nyumba nzima akikusanya visu.
"Mama, lakini Patna..."
"Najua ya Patna," akasema, akivifunga kwenye taulo.
"Najua. Nipe na huo mkasi."
Nikampa.

Nikatoka uani na miwani yangu ya karatasi.
Kovu huvuta kidogo ninapotazama juu.
Yeye akabaki mlangoni, amegeuza uso ukutani.
"Likoje?"

Nikasema kwa midomo yote miwili, polepole:
"Kama pera."

Akanyamaza kitambo.
"Limebaki nusu?"

"Zaidi ya nusu."

"Basi aliyelila," akasema mama,
"hakuwa na njaa sana."